Kufungua si Kugandua: Uchunguzi wa Istilahi za Bolti Zilizoshika Kutu

Makala haya yanakusudia kuchunguza kasoro moja katika kazi yetu ya kuunda na kutumia istilahi za ufundi. Kasoro yenyewe ni kwamba tumezoea kuvipa majina vitu, lakini tumevisahau vitendo na hali. Mtu akitafuta neno la chombo, kwa kawaida atalipata: spana, tindo, tupa, jiriwa, bisibisi, keekee. Lakini akitafuta neno la kitendo kinachofanywa kwa chombo hicho, au la hali ya kile kinachofanyiwa kazi, huachwa ajitafutie mwenyewe. Matokeo yake ni kwamba mfasiri wa kitabu cha mwongozo huwa na nomino mia moja na vitenzi vitatu: kufunga, kufungua na kuondoa.

Kwa ajili ya uchunguzi huu nimechagua kazi ndogo, nayo ni kuondoa bolti, nati na vizibo vilivyoshika kutu katika magari ya zamani. Sababu ni mbili. Kwanza, ni kazi ya kila siku katika gereji zetu, na hasa katika miji ya pwani ambako hewa ina chumvi. Pili, ni kazi ambayo neno lisilo sahihi huleta hasara inayoonekana kwa macho. Tafsiri mbaya ya hotuba inaweza kupita bila kugunduliwa kwa miaka mingi. Tafsiri mbaya ya maagizo ya ufundi hugunduliwa siku ileile, kwa kuwa bolti hukatika, au kichwa cha injini hupasuka, au giaboksi hubaki bila mafuta.

Kitu chenyewe

Kabla ya kutoa hukumu juu ya maneno, hapana budi tukielewe kitu chenyewe. Tuchukue mfano wa Land Rover za zamani. Gari hili lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Kwa kuwa chuma kilikuwa haba nchini Uingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili, mabati ya mwili wake yalitengenezwa kwa aloi ya alumini, lakini fremu yake ilikuwa ya chuma. Kwa hiyo katika gari moja metali mbili zisizo za asili moja zimeungwa pamoja, na mara nyingi kiungo chenyewe ni bolti ya chuma.

Chuma kikikutana na maji pamoja na oksijeni hufanya kutu, na chumvi huharakisha jambo hilo. Lililo muhimu kwetu ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Baina ya hesi za bolti na hesi za nati kuna nafasi ndogo sana. Kutu ikishajaa humo, nati hubanwa pande zote. Si kwamba kuna mtu aliyeikaza zaidi, bali kitu kipya kimezaliwa katikati na kuziunganisha metali mbili.

Pale chuma kinapogusana na alumini na maji ya chumvi yakapita baina yao, huliwa alumini kwanza. Kinachotokea hapo ni unga mweupe, wala si ile rangi ya kahawia tuliyoizoea. Je, unga huo ni kutu? Katika matumizi ya kawaida kutu ni ya chuma. Fundi mwanafunzi akiambiwa 'tazama kama kuna kutu' atautazama unga mweupe, ataudhani vumbi, na kuendelea na kazi. Napendekeza kwamba neno kutu libaki kwa chuma, na neno ulikaji, litokanalo na kulika, litumike kwa jumla ya hali ya metali kuliwa, iwe chuma, iwe alumini, iwe shaba.

Hali nne, neno moja

Katika tafsiri nyingi za maagizo ya ufundi, bolti isiyotoka huelezwa kwa neno moja tu: imekwama. Neno hili ni la Kiswahili safi, lakini hapa halitoshi. Fundi hukabiliwa na hali zisizopungua nne, na kila moja ina dawa yake.

Hali ya kwanza ni bolti iliyokazwa mno. Haina kutu, mtu tu ameikaza kupita kipimo. Dawa yake ni spana ndefu na nguvu iliyotulia. Hali ya pili ni bolti iliyoganda, yaani ambayo kutu au ulikaji umeiunganisha na mahali ilipo. Nguvu peke yake si dawa ya hali hii; mara nyingi ndiyo inayoivunja. Hali ya tatu ni bolti ambayo kichwa chake kimeisha pembe, hata spana haiwezi kuishika. Hali ya nne ni bolti iliyokatika, kichwa kikatoka na mwili ukabaki ndani.

Ukizitazama hali hizi kwa makini utaona kwamba ya tatu na ya nne mara nyingi ni watoto wa kosa: fundi ameitendea bolti iliyoganda kana kwamba imekazwa mno. Basi, lugha inayoziita zote 'zimekwama' humsukuma fundi katika kosa hilohilo. Kukwama, kwa maana yake ya asili, ni kuzuiwa njiani. Gari hukwama matopeni, mfupa hukwama kooni. Kilichokwama huhitaji kusukumwa au kuvutwa. Kuganda ni jambo jingine. Damu huganda, mafuta ya nazi huganda kwa baridi, ukoko huganda chunguni. Na kila apikaye anajua kwamba ukoko hautolewi kwa nguvu, kwa maana chungu kitavunjika, hurowekwa kwanza.

Kitendo kinachosahauliwa

Kiswahili kina mnyambuliko wa kutendua, ambao kazi yake ni kugeuza kitendo kirudi nyuma. Tuna funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, nasa na nasua. Katika kundi hilohilo tuna kwama na kwamua, na tuna ganda na gandua. Neno gandua si geni wala si la kubuni. Maana yake ni kukitenga kitu kilichoshikana na kingine kwa kuganda. Hicho ndicho kitendo hasa anachokifanya fundi kabla ya kufungua, na ndicho ambacho orodha zetu hazikipi nafasi yake.

Kugandua bolti ni kazi yenye hatua zake. Kwanza husafishwa kwa brashi ya waya, ili kutu ya nje itoke na hesi zilizo wazi zionekane. Pili hurowekwa kwa mafuta mepesi ya kupenya, na kuachwa kwa saa kadhaa, na ikiwezekana usiku kucha. Tatu hugongwa kichwani kwa nyundo, mapigo mafupi yaliyonyooka, ili tabaka la kutu lipasuke na mafuta yapate njia. Nne hukazwa kidogo sana. Ndipo huanza kulegezwa, robo ya mzunguko kwenda na nusu ya robo kurudi, huku ikiongezwa mafuta, mpaka ianze kucheza. Baada ya hapo tu ndipo neno kufungua linapopata maana yake.

Hatua ya nne inastahili kuangaliwa na wafasiri. Kukaza ili kulegeza huonekana kama mkanganyiko. Mfasiri asiyeijua kazi akikutana na agizo la namna hiyo anaweza kulidhania kosa la chapa, akalisahihisha kwa nia njema. Kumbe mwendo ule mdogo wa kukaza ndio unaovunja mshikamano wa kutu bila kuipa bolti mzigo wote wa kufunguliwa.

Hatua ya pili nayo ina mtego wake. Neno mafuta katika Kiswahili hubeba mzigo mkubwa: mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, petroli, dizeli, oili ya injini, hata ya kujipaka. Agizo la 'tia mafuta kwenye bolti' haliambii mtu lolote. Akitia grisi, au oili nzito, haitapenya katika nafasi nyembamba ya hesi. Mafundi wengi hutumia dizeli au mafuta ya taa kwa sababu ni mepesi. Kwa hiyo istilahi iwe mafuta ya kupenya, na mfasiri asiifupishe.

Sasa tulinganishe sentensi mbili nilizozitunga kwa ajili ya mfano. Ya kwanza: 'Fungua bolti nne zilizokwama na uondoe kifuniko.' Ya pili: 'Gandua bolti nne, zikianza kucheza, zilegeze polepole, kisha zifungue na uondoe kifuniko.' Ya pili ni ndefu kwa maneno machache tu. Lakini msomaji wa sentensi ya kwanza atachukua spana na bomba la kuirefusha. Msomaji wa sentensi ya pili atachukua brashi na mafuta.

Nati au bolti?

Katika mazungumzo ya gereji, neno nati mara nyingi hutumika kwa kitu chochote kinachofunguliwa kwa spana. Hata bolti ya kumwagia oili utaisikia ikiitwa nati ya oili. Mazungumzoni hakuna madhara, kwa sababu mzungumzaji anaonyesha kwa kidole. Kitabu hakina kidole.

Tofauti hii hudhihirika pale fundi anapotumia moto. Chuma hutanuka kinapopata joto. Nati yenye tundu la milimita 12 ikiongezewa joto la nyuzi 200 za selisiasi, tundu lake hupanuka kwa takriban milimita 0.03. Kipimo hicho ni kidogo, lakini chatosha kuipasua kutu. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, ndiyo maana plagi ya chuma iliyoganda katika kichwa cha injini cha alumini huweza kulegea kwa joto la kiasi. Lakini yote haya yanategemea kwamba kinachopashwa joto ni kile cha nje. Bolti ikipashwa peke yake, yenyewe ndiyo hutanuka na kuzidi kubana. Mfasiri aliyeandika nati mahali pa bolti, au bolti mahali pa nati, atakuwa ameligeuza agizo zima.

Vivyo hivyo kwa kitenzi. Wapo wanaoandika 'choma nati' wakikusudia kuipasha joto. Katika gereji kuchoma ni kuunga kwa umeme au kwa gesi, yaani kuchomelea. Fundi mtiifu atakayesoma agizo hilo atakuwa na haki ya kuiunga nati hiyo na bolti yake milele. Tuandike kupasha joto pale tunapokusudia joto, na kuchomelea pale tunapokusudia kuunga. Na kwa kuwa nati iliyorowekwa mafuta huweza kushika moto, maagizo yaseme wazi kwamba mafuta yafutwe kwanza, na kwamba moto usitumike kabisa karibu na tangi la petroli, mabomba ya mafuta au mipira ya breki.

Plagi tatu

Neno plagi limepokelewa na watu wote, nami sina nia ya kuliondoa. Tatizo ni kwamba limepewa kazi tatu. Kuna plagi ya umeme wa nyumbani, kuna plagi itoayo cheche katika injini ya petroli, na kuna plagi izibayo tundu la mafuta chini ya injini, giaboksi au difu. Mbili za kwanza hazileti matata, kwa kuwa moja iko ukutani na nyingine iko katika injini. Ya pili na ya tatu zote zimo katika gari moja.

Kwa hii ya tatu tunalo neno letu: kizibo. Na linakuja na jamaa zake wote, kuziba, kuzibua, mzibo. Lakini hata kizibo hakitoshi mpaka kiongezewe kazi yake, kwa sababu giaboksi na difu huwa na vizibo viwili: kimoja juu kidogo, cha kujazia, na kimoja chini, cha kumwagia. Mafundi wazoefu wana kanuni ambayo kila mwanafunzi hufundishwa: anza na kizibo cha kujazia. Sababu yake ni nyepesi. Ukimwaga mafuta kwanza, kisha ukagundua kwamba kizibo cha kujazia kimeganda na hakitoki, gari limebaki bila mafuta na huna pa kuyarudishia. Tafsiri inayoviita vyote viwili 'plagi ya oili' haiwezi kuieleza kanuni hii hata ikitaka.

Vipimo na mwelekeo

Magari ya zamani ya Kiingereza yalitumia vipimo vya inchi, na spana nyingi za leo ni za milimita. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya milimita 13 itaingia katika kichwa cha nusu inchi, na kwa bolti iliyo huru huenda ikafaa. Kwa bolti iliyoganda, ile nafasi ya milimita 0.3 yatosha kuzila pembe za kichwa. Kwa upande mwingine, inchi robo tatu ni milimita 19.05, ambayo spana ya milimita 19 huishika vizuri. Mfasiri anayegeuza inchi kuwa milimita na kukaribisha tarakimu ili zipendeze, hajui kwamba anaharibu kichwa cha bolti. Vipimo vya spana visigeuzwe. Viachwe kama vilivyo.

Kuhusu mwelekeo, agizo la 'zungusha kushoto' halina maana moja. Sehemu ya juu ya nati ikienda kushoto, sehemu ya chini huenda kulia. Na anayefanya kazi akiwa amelala chini ya gari hutazama kutoka upande wa pili. Ni afadhali kusema kufuata mwendo wa akrabu za saa, au kinyume cha mwendo huo, na kueleza kwamba mtazamaji amekielekea kichwa cha bolti. Zaidi ya hayo, baadhi ya malori na magari madogo ya zamani yalitengenezwa na hesi za kinyume katika nati za magurudumu ya upande wa kushoto. Asiyejua ataikaza nati kwa nguvu zake zote akidhani anaifungua, mpaka stadi ikatike. Hesi ya kinyume ni istilahi inayostahili kuwamo katika kila orodha.

Juu ya maneno ya mitaani

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema kwamba mafundi wanaijua kazi yao, na hawahitaji kufundishwa maneno na watu wa ofisini. Naikubali nusu ya kwanza ya hoja hiyo. Fundi hahitaji neno ili agandue bolti. Anayelihitaji ni mwanafunzi aliye mbali na fundi, mwalimu wa ufundi anayeandaa somo, na karani wa serikali anayeandika maelezo ya matengenezo ya magari ya wilaya. Hao wote hupokea ujuzi kwa maandishi.

Wala makala haya hayadai kwamba maneno ya mkopo yaondolewe. Bolti, nati, spana na grisi yamekwisha kuwa yetu, kama parafujo lilivyokuwa letu kutoka Kireno. Kosa haliko katika asili ya neno. Kosa liko katika neno moja kubebeshwa mambo manne.

Tena tusiyadharau majina ya mitaani kwa haraka. Spana inayorekebishwa mdomo huitwa na mafundi wengi spana malaya. Jina hilo halifai katika kitabu cha shule, na spana ya kurekebisha ni badala yake la adabu. Lakini jina la mtaani lilikuwa limebeba onyo, kwamba chombo hiki huikubali kila nati na hakimkai vema yeyote. Kwa bolti iliyoganda ndicho kinachomaliza pembe kwanza. Tukiliondoa jina, onyo nalo huondoka. Basi mwandishi alirudishe kwa sentensi yake: spana ya kurekebisha isitumike kwa bolti iliyoganda; itumike spana ya kipimo kamili, na bora zaidi ile inayoshika pande zote sita.

Mapendekezo

Kutokana na hayo, naweka mbele ya wasomaji maneno yafuatayo ili yajadiliwe:

Ulikaji: kuliwa kwa metali yoyote kwa maji, hewa au chumvi. Kutu: ulikaji wa chuma.

Kuganda: hali ya bolti, nati au kizibo kushikana na mahali kilipo kwa kutu au ulikaji. Lisichanganywe na kukazwa mno.

Kugandua: kuuvunja mshikamano huo kwa kusafisha, kuroweka, kugonga au kupasha joto, kabla ya kulegeza.

Kulegeza: kuanza kuizungusha bolti iliyokwisha kuganduliwa. Kufungua: kuizungusha mpaka itoke.

Kung'oa: kukitoa kipande cha bolti iliyokatika, kwa kutoboa katikati yake na kuingiza kifaa chenye hesi ya kinyume. Kifaa hicho kiitwe king'oleo.

Kizibo cha kujazia na kizibo cha kumwagia: vizibo vya mafuta, kila kimoja kwa kazi yake.

Hesi ya kinyume: hesi inayokazwa kinyume cha mwendo wa akrabu za saa.

Tumezoea kulitafuta neno kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, na mwisho katika lugha za kigeni. Utaratibu huo ni mzuri, lakini unahusu neno linatoka wapi. Ningependa tuuongezee kigezo kinachohusu neno linakwenda wapi. Kabla istilahi ya ufundi haijasanifiwa, itungiwe sentensi ya agizo, na sentensi hiyo asomewe fundi asiyeijua lugha ya kigeni iliyofasiriwa. Akifanya kile kilichokusudiwa, neno limefaulu. Akichukua spana na bomba palipohitajika brashi na mafuta, turudi mezani tukaanze upya.

Wasomaji wenye maneno mengine ya hali na vitendo hivi, hasa kutoka gereji za Tanga, Mombasa, Unguja na Pemba, wanaombwa wayalete pamoja na sentensi zinazoonyesha jinsi yanavyotumika.